Ukimya wa Akili

Jumamosi asubuhi, sebuleni kwa jirani yangu Mbamba Bay, watoto sita wamebanana kwenye mkeka. Mmoja amekosa nafasi, amekalia ndoo. Kwenye runinga Akili, yule msichana wa katuni wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, ameuliza swali la kuhesabu. Halafu amenyamaza. Anatutazama tu; kope zinapepesa mara moja.

“Tatu!” anapayuka mdogo kuliko wote, ambaye kwao ni Kinyasa kutwa nzima. Akili anafurahi, utadhani amemsikia.

Mimi huwa naisubiri hiyo nukta ya ukimya kuliko nyimbo zenyewe. Katuni haina kupumzika: hata kutofanya lolote kunachorwa, picha kwa picha, na mtu kaketi Dar es Salaam akakadiria muda. Ukipungua, mtoto mzito wa kujibu hajaliokota neno. Ukizidi, ameshamgeukia mwenzake kumfinya.

Wenye kazi hiyo ni Ubongo, walioanza mwaka 2013. Januari 2014 Ubongo Kids ikaingia TBC1 na hesabu na sayansi, na mtazamaji aliweza kujibu kwa ujumbe wa simu, hata ya kitochi. Akili and Me ikafuata kwa wadogo zaidi. Mtafiti Dina Borzekowski aliwalinganisha watoto wa Morogoro walioitazama na waliowekewa vipindi vingine. Wa Akili wakawazidi wenzao katika kuhesabu na kutambua namba na maumbo. Sikushangaa. Katuni nyingi tunazoletewa humwaga maneno kama mvua ya masika kwenye mteremko, yote yakaishia ziwani.

Kule juu Mbinga, Wamatengo wanalijua tatizo la mteremko. Katika shamba la ngoro majani hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo huchimbwa katikati na kuyafunika. Maharage hupandwa juu ya matuta. Mgeni huona mashimo matupu, akauliza mbona hayakupandwa kitu. Mashimo ndiyo yanayoikamata mvua.

Jumamosi ile umeme ulikatika Akili akiwa ndiyo kwanza ameuliza rangi ya embe. Wakubwa wakaguna, wakatoka kwenda ufukweni. Yule mdogo akajivuta hadi kwenye kioo cheusi, akakisogelea karibu kabisa, akajibu.