Wapimaji wa Uzito Usioonekana

Tarehe 29 Mei 1919 kivuli cha mwezi kilitoka Amerika ya Kusini, kikavuka Atlantiki, kikaingia Afrika na kuikata Kongo hadi ufukwe wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kaskazini-mashariki ya Mitwaba kwetu. Waingereza waliofuatilia kupatwa huko kwa jua walilitaja ziwa hilo katika taarifa yao, ila darubini walizipeleka kwingine: Arthur Eddington na Edwin Cottingham kisiwani Príncipe, wenzao wawili Sobral, Brazili. Walitaka kujua kama nyota zinazoonekana kandokando ya jua lililofunikwa zimesogea kidogo kutoka mahali pake. Einstein alikuwa amepiga hesabu kwamba uzito wa jua unapinda mwanga, na kwamba mwanga unaopita kwenye ukingo wake utapinda kwa sekunde 1.75 za pembe. Weka sarafu yenye upana wa sentimita mbili na nusu umbali wa kilomita 3, kisha ujaribu kuupima upana wake ukiwa umesimama hapo ulipo. Ndio udogo wenyewe. Mwezi Novemba mwaka uleule, mjini London, walitangaza kwamba mwanga umepinda.

Kama jua linaweza kupinda mwanga, basi kundi la mamia ya galaksi, kila galaksi ikiwa na mabilioni ya majua, litaupinda zaidi sana. Litakuwa lenzi. Einstein mwenyewe aliandika mwaka 1936 juu ya nyota moja kuwa lenzi ya nyingine, akaona hakuna tumaini la kuliona jambo hilo. Mwaka uliofuata mwanaastronomia Fritz Zwicky akasema tusitazame nyota, tutazame galaksi. Alikuwa sahihi, ingawa lenzi ya kwanza haikupatikana hadi mwaka 1979.

Anayetaka kuielewa lenzi ya namna hiyo aombe chupa tupu ya Simba, bia ya Lubumbashi, awashe mshumaa, kisha autazame mwali kupitia kitako cha chupa. Mwali unavutika, unapinda kama upinde. Ukisogeza chupa kidogo, unagawanyika, na mshumaa mmoja unakuwa miwili au mitatu. Kioo kimeuharibu mwali, ndivyo mtu anavyodhani. Lakini ukilijua vizuri umbo la kitako kile, kila mkunjo wake, utaweza kurudi nyuma kwa hesabu hadi kwenye mshumaa ulivyo.

Hapo ndipo ninapowaona mafundi ninaowasifu. Darubini zimeshapata sifa nyingi, nazo zinastahili. Mimi nawasifu wanaokaa na picha zake miezi na miaka wakichora ramani ya uzito. Kundi la galaksi halina umbo lililochongwa kiwandani, na sehemu kubwa ya uzito wake ni maada ya giza, isiyowaka wala kuakisi mwanga. Utaipimaje?

Kwetu Mitwaba mwenye kuosha mchanga wa kasiterite, madini ya bati, angewaelewa. Anazungusha beseni majini, na jicho lake haliko kwenye kizito kilichofichika chini. Linafuata mchanga mwepesi unavyopanda na kumwagika. Kwa mwendo wa chepesi anajua kizito kipo, na kiko upande gani. Mafundi wa lenzi nao hufuata mwanga. Wanatafuta picha mbili, tatu, nne za galaksi ileile zilizotawanyika angani, wanazitambua kwa rangi na kwa madoadoa yake, kisha wanajiuliza: uzito ukae wapi, na uwe kiasi gani, ndipo mwanga mmoja ufike kwetu kwa njia zote hizi? Wanabuni, wanapiga hesabu, wanalinganisha na picha, wanafuta, wanaanza tena. Katika mradi wa darubini ya Hubble ulioitwa Frontier Fields, makundi 6 ya galaksi yaligawiwa vikosi mbalimbali ili kila kimoja kichore ramani yake. Waliwahi hata kupewa anga za kubuni ambazo jibu lake lilijulikana kwa waliozitunga tu, ili ionekane nani amekosea na kwa kiasi gani. Naupenda sana uaminifu huo.

Moja ya makundi hayo ni MACS J1149, ambalo mwanga wake husafiri miaka bilioni 5 hivi kutufikia. Mwezi Novemba 2014 mwanaastronomia Patrick Kelly aliona katika picha za kundi hilo nyota iliyolipuka, supanova, ikiwa imejitokeza mara nne kuizunguka galaksi moja. Ikapewa jina la Sjur Refsdal, Mnorwe aliyeandika tangu mwaka 1964 kwamba supanova kama hiyo itasaidia kupima upanukaji wa ulimwengu. Refsdal alifariki mwaka 2009, hakuiona.

Wachora ramani wakarudi kwenye hesabu zao. Mwanga wa mlipuko ule, wakasema, una njia nyingine iliyo ndefu zaidi, na haujafika bado. Utaonekana mahali pale, baada ya muda fulani. Wakayachapisha hayo mapema, mbele ya kila mtu. Hubble ikaelekezwa huko, ikasubiri. Tarehe 11 Desemba 2015 supanova ikawaka tena, pale walipopataja. Nyota iliyokufa miaka zaidi ya bilioni 9 iliyopita ilitimiza miadi iliyowekwa na watu waliokaa mezani na kalamu. Sijui fundi gani mwingine amewahi kupewa jibu la wazi namna hiyo.

Na kupitia lenzi hiyohiyo inaonekana galaksi inayoitwa MACS1149-JD1, iliyokuzwa kama mara 10. Mwaka 2018 kikosi cha Takuya Hashimoto, kwa kutumia antena za ALMA nchini Chile, kiliona ndani yake alama ya oksijeni. Mwanga huo uliondoka huko miaka bilioni 13.28 iliyopita, ulimwengu ukiwa na miaka milioni 500 na kidogo tu. Oksijeni hupikwa ndani ya nyota. Maana yake, hata wakati ule wa mapema palikuwa pameshapita nyota zilizoishi na kufa. Pasipo kizito kile kilichosimama njiani, tusingelijua hilo.

Mwisho wa Mei, kiangazi kikiwa kimeanza na mawingu yameondoka, toka nje Mitwaba giza likishaingia, uelekee kaskazini. Tafuta nyota iitwayo Denebola, jina la Kiarabu lenye maana ya mkia wa simba. Iko juu sana. Nyosha mkono, kunja ngumi, uishushe chini ya nyota hiyo kuelekea upeo wa macho. Kabla upana wa ngumi haujaisha utakuwa umefika kwenye MACS J1149. Jicho halitaona kitu, lakini ndipo penyewe. Mwite na mtoto, umwonyeshe.