Mkono wa Richard

Mhusika mwovu anayetamba na panga hamsumbui sana mwandishi. Anaingia, anaua, msomaji anamchukia, basi. Kazi ipo kwa yule anayedhulumu huku analia yeye, anayemtoa mtu roho kisha akataka apewe pole. Akiandikwa ovyo huwa kichekesho. Akiandikwa na fundi, msomaji hujikuta yuko upande wake bila kujua alifikaje huko. Nawastahi sana waliouweza ufundi huu, na katika niliowasoma sijaona wa kumfikia Shakespeare katika Richard III, tamthilia iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1597.

Richard anaingia jukwaani akilalama. Vita vimekwisha, kaka yake Edward ni mfalme, watu wanastarehe na kutongozana, naye kazaliwa na mwili uliopinda hata mbwa wakimwona wanambwekea. Maadamu hafai kwa mapenzi, anatuambia, basi ameazimia kuwa mbaya. Tunamsikiliza kwa sababu uchungu wake ni wa kweli. Shakespeare hakumnyima mwovu wake jeraha, na hapo ndipo ninapomvulia kofia, maana njia rahisi ingekuwa kumpa kidonda cha uongo tukakicheka mara moja. Kidonda kipo. Tunachotakiwa kukiangalia ni kinavyotumikishwa.

Saa ya kukitumikisha inafika katika sehemu ya tatu ya mchezo. Ni mwaka 1483, Edward amekwisha kufa, na wakubwa wa nchi wameketi katika ngome ya Tower of London kupanga siku ya kumtawaza mwanawe mdogo. Richard anachelewa, anaomba radhi kwa adabu, anamwambia Askofu wa Ely kwamba bustanini kwake Holborn aliona stroberi nzuri, tafadhali aagize ziletwe. Anatoka kidogo. Hastings, mmoja wa wakubwa hao, ambaye amekataa kumsaidia Richard kumpindua mtoto huyo, anawaambia wenzake kwamba Richard leo ana furaha, na kwamba ni mtu ambaye moyo wake husomeka usoni. Richard anarudi amebadilika. Anauliza: wanaoniua kwa uchawi wanastahili nini? Hastings anajibu haraka kuwa wanastahili kifo. Ndipo Richard anapofunua mkono wake ulionyauka: tazameni, nimerogwa na mjane wa mfalme akishirikiana na yule hawara, Shore. Shore ni mpenzi wa Hastings, na Richard analijua hilo. Hastings anaanza kusema, kama wamefanya hivyo... Hamalizi. Kule kutia shaka tu kunatosha kumwita msaliti, na Richard anaapa kwamba hali chakula mpaka aone kichwa chake.

Mkono huo ulinyauka lini? Katika tamthilia iliyotangulia, ile ya tatu ya Henry VI, Richard mwenyewe anasema ulinyauka tangu tumboni mwa mama yake. Thomas More, aliyeandika kisa hiki cha baraza katika miaka ya 1510, anaeleza kwamba hakuna aliyekuwemo chumbani ambaye hakujua mkono ulikuwa hivyo tangu kuzaliwa. Wote wanajua, na wote wananyamaza. Mwovu wa namna hii hahitaji kuaminiwa. Anahitaji watu waone ni hatari kumkanusha mtu anayelia. Sisi tuliosikia habari za vikongwe wa Usukumani waliouawa kwa sababu mtu fulani alisema amerogwa hatuhitaji kufafanuliwa tukio hili.

Haki inanitaka niseme jambo la Richard wa kweli. Mwaka 2012 mifupa yake ilifukuliwa chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Uti wa mgongo umepinda sana, lakini mikono ni mizima. Mkono ulionyauka ulitoka kwa waandishi walioishi chini ya ukoo wa Tudor, ukoo uliomwua na kuchukua kiti chake, na pengine hapo marehemu ndiye aliyeonewa. Ninayemsifu mimi ni yule wa jukwaani.

Shakespeare alirudia kazi hiyo kwa Iago, mwovu wa tamthilia ya Othello. Hadithi ya Cinthio, ya mwaka 1565, iliyozaa tamthilia hiyo ilimpa askari aliyemtamani mke wa mkubwa wake akaambulia patupu. Shakespeare akaleta manung'uniko ya kazini: nimerukwa, cheo kapewa Cassio. Lalamiko hilo linaweza kumpata yeyote kati yetu, na ndiyo maana linatisha. Shaaban Robert alipita njia nyingine katika Adili na Nduguze. Tunawakuta kwanza manyani wawili wanaochapwa usiku, moyo unatuuma kwa ajili yao, halafu ndipo tunapojua ni Hasidi na Mwivu na walimtenda nini ndugu yao. Huruma yetu inaanza kudaiwa maelezo.

Narudi London, kwa sababu kuna nusu ya pili ya tukio lile ambayo huwa haitajwi sana. Hastings akishakatwa kichwa, Richard na mshirika wake Buckingham wanavaa deraya kuukuu zenye kutu, kana kwamba wamenusurika kuvamiwa, na kumweleza Meya kuwa marehemu alipanga kuwaua. Richard anamlilia maiti. Nilimpenda sana mtu huyu, anasema, lazima nilie. Meya anakubali yote.

Kisha anaingia karani, peke yake, na hati ya mashtaka mkononi. Ameinakili kwa saa 11, na aliyeitunga awali alitumia muda kama huo, ilhali saa 5 zilizopita Hastings alikuwa hai, hajashtakiwa wala kuhojiwa. Katika kitabu cha More, walioshuku hati hiyo walikuwa wapita njia: mwalimu wa shule na mfanyabiashara. Shakespeare aliwaondoa wote wawili, akampa maneno mtu aliyeiandika kwa mkono wake. Anasema mistari 14, anatoka, hatumwoni tena. Lakini kuanzia hapo kicheko tulichokuwa tukimpa Richard hakitoki kama zamani, kwani sisi pia tulikuwa chumbani alipofunua mkono.