Chenga za Gizani

Ili uingie Kochieng', boma kubwa kuliko yote ya Thimlich Ohinga kule Migori, lazima uiname. Waliolijenga, yapata karne ya 16, waliliachia mlango mfupi katika kuta za mawe zenye kimo cha mita 1.5 hadi 4.5. Ukishapita, simama ugeuke. Nje ya lango jua la saa sita linaunguza nyasi. Kandokando yako mawe yamezama kivulini, meusi kama sufuria ya kuni. Jicho linaviona vyote viwili. Kamera inachagua kimoja.

Siku ya kwanza nilikuwa na haraka. Nilipiga mara moja tu, nikaulinda mwanga wa nje, kivuli nikakiachia programu ikipandishe baadaye nyumbani. Kilipanda kweli, kikaja na chenga zake: vidoa vyekundu na vya buluu vimetapakaa juu ya mawe. Mwanga hauji kama maji ya bomba. Huja kwa matone, kama manyunyu juu ya bati. Panapolowa sana, huwezi kujua ni wapi tone moja lilikosa. Lakini kivulini, tundu moja la sensa hupata matone 9 na jirani yake 15. Ukilikuza jiwe, na tofauti hiyo umeikuza pia.

Kupandisha ISO hakuongezi hata tone. Kinachoongeza ni muda. Basi siku hizi nafunga kamera kwenye tripodi, ISO 100, napiga mara tatu: picha ya anga, ya kati, na ya kivuli. Hii ya mwisho ndiyo ninayoitunza kuliko zote. Shata ikikaa wazi mara nne zaidi, chenga hupungua nusu zikipimwa na mwanga uliokusanywa. Kwa ufundi huu, subira ina hesabu yake.

Kuunga picha hizo tatu kuwa moja ndiko kugumu. Miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alichukua negativu moja ya bahari na nyingine ya anga, akazifanya picha moja. Lakini waashi wa Thimlich wako karibu zaidi na moyo wangu. Ukuta wao hauna saruji wala udongo: safu ya nje, safu ya ndani, na ya katikati inayozishika zote mbili, na bado umesimama. Picha iliyoungwa vibaya huonyesha mshono, utando mweupe ukiizunguka miti, na aliyefuta chenga kwa pupa hufuta na mikwaruzo ya jiwe. Mawe yanabaki laini kama sabuni iliyotumika. Afadhali chenga kidogo.

Homa Bay ilinifundisha jambo jingine. Usiku, ziwani mbele ya Mbita, taa za wavuvi wa omena hazitulii. Mipigo mitatu itakupa mtumbwi mmoja wenye taa tatu. Hapo naiacha HDR, yaani huko kuunga picha tatu, napandisha ISO, napiga mara moja. Katika picha ninayoipenda kuliko zote, mkono wa mvuvi umeshika wavu. Nusu iko kwenye mwanga wa taa, nusu gizani ikichemka chenga, na sijui chenga zinaishia wapi na omena wanaanzia wapi.