Liandikwalo Ndilo Liwalo? Vitabu Viwili vya Erasmus na Luther

Yuko baba ambaye mtoto wake akishikwa na homa huketi siku tatu pasipo kumpeleka zahanati, na aulizwapo hujibu, "Liandikwalo ndilo liwalo." Akiwa ni Mkristo msomaji, huongeza kwamba ndivyo alivyofundisha Luther. Basi imetupasa kuvitazama vitabu viwili vilivyoshindana juu ya jambo hili, tuone kama jibu lake lina msingi.

Cha kwanza kilitoka mwaka 1524. Mwandishi wake ni Erasmus wa Rotterdam, mwenye elimu nyingi, ambaye mwaka 1516 alikuwa amelipiga chapa Agano Jipya la Kiyunani. Yeye aitetea hiari ya mtu. Auliza: kama mtu hawezi kuchagua, amri za Mungu ni za nini, na adhabu ina haki gani? Tena atoa mfano mzuri wa mtoto mchanga aliyeanguka. Baba yake amwinua, amwonyesha tunda, amshika mkono hata alifikie. Mtoto hana la kujisifia, walakini naye alinyosha miguu.

Cha pili ni jibu la Martin Luther, Desemba 1525. Amsifu Erasmus kwa kuwa ameligusa shina la mambo, wala si matawi. Tena asema kwamba nia ya mtu ni kama mnyama apandwaye: akipandwa na Mungu huenda atakako Mungu, akipandwa na Shetani huenda atakako Shetani. Amri hazionyeshi nguvu zetu, bali upungufu wetu. Naye ashika Warumi 3:20.

Tukivipima, Erasmus ana upole, lakini husitasita mno, kama hakimu asiyependa kukata neno. Luther ana nguvu, lakini matusi yake ni mengi, na mfano wake wa mnyama hautoshi, kwa maana punda hatubu. Hata hivyo yeye mwenyewe akiri kwamba mtu hatendi dhambi kwa kushurutishwa, bali kwa kupenda. Na katika habari ya wokovu ana haki: hakuna ajiokoaye.

Lakini wamfanyao Luther kuwa ngao ya uvivu hawakumsoma hata mwisho. Katika kitabu hicho hicho amwachia mtu hiari katika mambo yaliyo chini yake, kama mali na matumizi yake, ingawa hayo nayo yatawaliwa na Mungu. Kumchukua mtoto kwenda kutafuta dawa ni katika mambo hayo. Ni kweli, afundisha kwamba Mungu ajua yote tangu mbele, wala hapana litokealo kwa bahati. Lakini afundisha pia kwamba mapenzi ya Mungu yaliyofichwa si yetu kuyachungulia. Yetu ni kulifuata Neno lililofunuliwa.

Basi baba yule asemaye "imeandikwa" ajidai kukisoma kitabu ambacho hakufunuliwa mtu. Kilichofunuliwa ni amri ya kupenda, nayo haina giza. Wakubwa hawa wawili walipingana vikali, lakini hapana hata mmoja wao aliyempa mtu ruhusa ya kuketi huku mtoto wake akiungua kwa homa.