Kigawo na Kigawe: Istilahi za Hisabati na Sikio la Mwanafunzi

Mara nyingi husemwa kwamba baadhi ya watu hawakujaliwa kichwa cha hisabati. Hatukatai kwamba sababu za kushindwa ni nyingi: madarasa yaliyofurika, uhaba wa walimu, misingi iliyorukwa. Lakini iko moja ituhusuyo sisi tunaoshughulikia lugha, nayo ni istilahi.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma Tanzania Bara. Tutazame jozi mbili zitumikazo humo. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Vigawe vyake ni 12, 24, 36 na kuendelea pasipo mwisho. Vivyo hivyo, 9 ikipewa kipeo cha pili huwa 81, ilhali kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Dhana zinazopingana zimetenganishwa kwa irabu moja tu! Mwanafunzi aketiye nyuma akisikia neno moja badala ya jingine, atafanya kwa usahihi hesabu ambayo hakuulizwa, naye atahesabiwa kuwa mjinga.

Wako wapendekezao kwamba tuyaache maneno haya na kuchukua ya Kiingereza. Dawa hiyo haiponyi. Neno la kigeni humjia mtoto bila shina alijualo, lakini haya yetu yamebeba maana yake. Kiishio -o hutaja chombo: kizibo huzibia, kifuniko hufunikia, basi kigawo hugawia. Kiishio -e hutaja kitendwacho: mteule ameteuliwa, kiumbe kimeumbwa, basi kigawe hugawanywa. Kwa kuwa 12 huigawa 36 bila baki, 12 ni kigawo na 36 ni kigawe. Hata u ya kipeuo yaweza kuelezwa kwa mfano wa funga na fungua: kipeo hutupeleka kutoka 9 hadi 81, na kipeuo huturudisha.

Kwa hiyo lawama yetu haiangukii maneno yenyewe, bali namna yanavyotolewa. Orodha iwekayo istilahi mkabala na kisawe chake cha Kiingereza, bila maelezo wala mfano, humtosha mfasiri lakini haimtoshi mwalimu. Mwanafunzi hukariri sauti. Na aingiapo sekondari, ambako hisabati hufundishwa kwa Kiingereza, hana dhana ya kuvuka nayo.

Yafaa basi kila istilahi ya hisabati ichapwe pamoja na shina lake na mfano wa tarakimu. Yafaa pia waundao istilahi mpya wazitamke kwa sauti kabla ya kuzipitisha, wasije wakatenganisha kinyume na kinyume kwa irabu moja. Kabla ya kumwambia mtoto kwamba hana kichwa cha hisabati, hatuna budi kuhakikisha kwamba swali lilimfikia.