Kazi Iliyo Chini ya Rangi

Fundi rangi mwenye ujuzi huja mara ya kwanza bila brashi. Huizunguka nyumba polepole, akitazama juu kwenye ukingo wa paa, kisha chini pale ukuta unapokutana na ardhi. Mwenye nyumba ameshika kikaratasi cha rangi alichopewa dukani, anataka kuulizia krimu na kijivu, na fundi hata hajakitupia jicho. Anatafuta njia za maji: doa la kahawia chini ya dirisha, ukoga wa kijani nyuma ya tangi, ukanda wa chumvi nyeupe juu kidogo ya msingi. Nimewatazama mafundi wa namna hii wakifanya kazi Tanga na Dar es Salaam, na kila nikiwatazama nazidi kuamini kwamba ustadi wao umo katika maamuzi ambayo, rangi ikishakauka, hakuna atakayeyaona.

Ukuta wa nje katika mwambao wetu una maisha magumu. Jua la karibu na ikweta huuchoma, masika huunyeshea kuanzia Machi hadi Mei, na mwaka mzima upepo wa bahari huuletea chumvi. Anayepaka rangi juu ya chumvi na vumbi hajaupaka ukuta. Rangi yake imeshika chumvi na vumbi, na siku vitakapobanduka itabanduka navyo. Kwa hiyo kazi huanza na maji baridi yasiyo na chumvi, brashi ngumu na mikono. Penye ukoga hutiwa dawa ya klorini iliyozimuliwa, ikaachwa iue, kisha ukuta ukasuuzwa vizuri, kwa sababu ukoga uliofunikwa ukiwa hai huchomoza tena juu ya rangi mpya.

Baada ya kuosha, fundi anaanza kuusoma ukuta. Anaupangusa kwa kiganja. Kiganja kikitoka cheupe, gundi iliyokuwa ndani ya rangi ya zamani imeliwa na jua, na kilichobaki ni unga usio na cha kuushikilia. Anaugonga kwa mpini wa skrepa, hatua kwa hatua, huku ametega sikio. Sauti ikibadilika ikawa ya uvungu, plasta imeachana na tofali, na pale patabomolewa na kupigwa upya. Anachovya vidole kwenye kopo la maji na kuunyunyizia. Maji yakinywewa papo hapo, ukuta utainyonya na rangi vilevile. Yakiteleza hadi chini, huenda kuna rangi ya mafuta, na msasa hauepukiki. Mwisho anabandika kipande cha nailoni angavu, karibu nusu mita kila upande, kingo zote zikiwa zimezibwa kwa selotepu, na kukiacha mpaka kesho yake. Matone yakionekana upande wa ndani, unyevu bado unatoka ukutani.

Nilimsikia mzee mmoja akimweleza kijana aliyekuwa na haraka ya kuhamia: "Mwanangu, nyumba yako bado inakauka. Nikipaka leo utanisifu, masika yakija utanitafuta." Kijana akaitazama ile nailoni, akashusha pumzi, akasema, "Basi tusubiri, mzee." Mzee huyo alipoteza siku za kazi kwa maneno yale. Angeweza kupaka, akalipwa, akaondoka.

Kilichomfanya akatae ni saruji. Plasta mpya ina magadi makali: kipimo chake cha pH hupita 12, na kwa muda wote ambao ina unyevu, magadi hayo huwa kazini. Rangi ya mafuta ikipakwa juu yake, magadi huyashambulia mafuta na kuyageuza sabuni. Ni kemia ileile anayoitumia mtengenezaji wa sabuni, ila hapa inafanyika mahali isipotakiwa. Rangi hulainika, hunata, huvimba malengelenge na kubanduka vipande vipande. Rangi ya maji huhimili zaidi, lakini nayo huweza kupauka kwa mabaka pale magadi yanapoila rangi iliyomo. Wajenzi huhesabu siku 28 kwa saruji kukomaa. Fundi rangi huzichukua siku hizo kama kiwango cha chini, na mvua ikinyesha katikati anaongeza.

Siku zikitimia ndipo praima huingia. Kwa plasta ya saruji huchaguliwa praima ya akriliki iliyotengenezwa kuhimili magadi, nayo hupewa kazi tatu: kuushika ukuta, kuyazuia magadi yasifike kwenye rangi ya juu, na kuufanya ukuta unywe kwa kiasi kilekile kila mahali. Kazi hii ya tatu ndiyo jicho la kawaida huiona bila kujua. Ukuta uliozibwa nyufa hunywa rangi kidogo penye kiraka laini na kuinywa sana penye plasta tupu, na bila praima viraka vyote huonekana jua la jioni linapoupiga ukuta kwa ubavu.

Ukuta wa zamani unaotoa unga huhitaji praima ya aina nyingine. Hii ni nyembamba, ya kupenya, yenye gundi nyingi na karibu haina rangi kabisa. Inazama, inaukamata unga uliobaki baada ya kusuguliwa, na kuufunga pamoja na plasta. Na kama ukuta una rangi ya maji iliyo nzima, iliyoshika vizuri, fundi mwaminifu atakwambia hauhitaji praima: osha, kwangua palipolegea, paka. Hapo ndipo napima uaminifu wake, maana kuuza ndoo ya ziada ni rahisi.

Kosa linaloonekana sana mitaani ni la puti. Unga wa jipsamu hulainisha ukuta wa ndani vizuri sana, na ni wa bei nafuu, basi wengine huupiga hata nje. Jipsamu ikilowa hulainika, na rangi iliyo juu yake huondoka pamoja nayo kama ganda. Puti ya nje hutengenezwa kwa saruji nyeupe na gundi. Fundi anayejua huuliza kwanza nje pamepigwa nini, na asipopata jibu hukwangua kidogo, akalowesha, akasugua kwa dole gumba.

Ukivuka bahari ukaenda Mji Mkongwe wa Zanzibar, au ukapanda kaskazini hadi Lamu, miji iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000 na 2001, ujuzi huu unageuka karibu wote. Nyumba za kale za huko zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zikiwa na unene unaofika nusu mita na zaidi, na juu yake zimelala boriti za mikoko. Kuta hizo huvuta unyevu kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua, na huishi muda mrefu kwa sababu huutoa unyevu huo kupitia usoni mwake. Ukizipiga plasta ya saruji na kuzifunika kwa rangi ya plastiki, unyevu unafungiwa ndani. Chumvi inakusanyika nyuma ya ile ngozi ngumu, chokaa ya kale inageuka unga, na siku moja saruji inaanguka ikiwa imebeba uso wa jiwe.

Kwa nyumba kama hizo rangi sahihi ni chokaa yenyewe, na praima yake ni maji. Matumbawe au mawe ya chokaa huchomwa tanurini kwa joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi, huzimwa kwa maji, na uji wake huachwa ukae. Kadiri unavyokaa ndivyo unavyolainika. Fundi huuchuja na kuuzimua hadi uwe mwepesi kama maziwa, kisha huulowesha ukuta kabla ya kupaka, maana ukuta mkavu huyafyonza maji ya chokaa kabla haijashika. Mkono wa kwanza unapopita, unaona karibu hakuna kitu: majimaji ya kijivu na jiwe likionekana chini yake. Mtu asiyejua hudhani ameibiwa. Lakini chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya kaboni na kurudi kuwa jiwe, na kadiri inavyokauka ndivyo weupe unavyojitokeza. Mikono minne au mitano myembamba, kila mmoja ukipewa muda wake, huzaa weupe wenye kina ambao hakuna ndoo ya dukani inayoufikia. Mkono mmoja mzito hupasuka na kumwagika unga. Hapa subira ndiyo sehemu kubwa ya kazi, na ninawaheshimu mno wanaoendelea kuifanya katika miji ambamo ndoo za rangi ya plastiki zinauzwa kila kona.

Mbao nayo ina kanuni zake. Kwetu mbao ya nje ni milango, madirisha na fisha bodi za ukingo wa paa, na nyingi za hizo siku hizi ni za paina kutoka mashamba ya miti ya nyanda za juu, kama Sao Hill kule Mufindi. Paina ina macho yenye utomvu. Usipoyaziba kwa shelaki kabla ya praima, jua litauyeyusha utomvu na jicho litajichora manjano juu ya rangi nyeupe. Vichwa vya mbao, pale msumeno ulipokata, hunywa maji kuliko ubavu wake, kwa hiyo fundi makini huvipaka praima mara mbili, tena mbao ikiwa bado chini, kabla ya kupigiliwa. Huko Amerika Kaskazini, ambako nyumba nzima huvishwa mbao kwa nje, maabara ya serikali ya mazao ya misitu iliyoanzishwa Madison, Wisconsin, mwaka 1910 imechunguza jinsi mbao inavyoshika rangi kwa miongo mingi. Ushauri wake ni kwamba mbao mpya isikae juani zaidi ya wiki mbili bila kupakwa, kwa sababu jua huuharibu uso wake na rangi haishiki tena inavyopaswa. Saruji inataka usubiri, mbao inataka uwahi. Fundi anayezijua zote mbili hupanga ratiba yake kwa vitu hivyo viwili.

Ndipo sasa tunaifikia rangi yenyewe, na hata hapa fundi hutazama kwanza kilichomo ndani ya ndoo. Rangi ya maji ni maji, gundi, rangi ya unga na kijazio. Kwa nje, akriliki halisi huhimili jua na magadi kuliko gundi za bei ya chini zinazofaa ndani. Weupe unaofunika vizuri hutoka kwenye titani dioksaidi, ambayo ni ghali, na ndoo ya bei ya kutupa hujazwa unga wa mawe mahali pake. Hesabu ni rahisi. Lita 1 ikienea mita za mraba 10 huacha utando wa mikroni 100 ukiwa mbichi. Rangi ambayo asilimia 40 ya ujazo wake ni kitu kigumu itaacha mikroni 40 ikikauka, na yenye asilimia 25 itaacha 25. Kwa hiyo aliyenunua ndoo rahisi hupaka mikono mitatu kupata karibu kile ambacho mwenzake amekipata kwa miwili, na ameshalipa nguvu za mtu mara tatu.

Kuhusu rangi ipi, jua nalo lina kauli. Nyekundu ya udongo, manjano ya udongo na kahawia hutokana na oksidi za chuma, na hizo hazipauki kirahisi. Nyekundu kali na manjano ya kung'aa mara nyingi hutokana na rangi nyingine ambazo jua huzichosha upesi. Fundi atamweleza mwenye nyumba hivyo kwa upole, kisha atamwachia uamuzi.

Siku ya kupaka, kazi hufuata kivuli. Asubuhi hupakwa upande wa magharibi, alasiri upande wa mashariki, kwa sababu ukuta uliochemka juani huikausha rangi kabla haijajishika. Msimu mzuri kwa pwani ni baada ya masika, ukuta ukishakauka na kabla vuli haijaanza. Mtazame fundi akiwa kwenye kona: brashi imechovywa theluthi moja tu, imegongwa upande mmoja wa kopo, kisha inashuka kwa mstari mmoja usiotetemeka kando ya fremu ya dirisha. Mwenzake anafuata na rola, akiukuta ukingo ule ungali mbichi, ili mkono wa brashi na wa rola ikauke pamoja bila alama. Hawaongei sana.

Tunapopatana bei na mafundi, tumezoea kuuliza siku ngapi na ndoo ngapi, na anayetaja siku chache ndiye tunayempa kazi. Kwa hesabu hiyo tunamwadhibu anayeosha, anayesubiri, anayeziba vichwa vya mbao vitakavyofichwa chini ya bati. Muulize fundi atafanya nini kabla ya rangi, na kwa nini. Akikueleza kuhusu unyevu, magadi, unga na chumvi ya ukuta wako, mlipe na siku za kungoja, maana katika siku hizo ndipo anapoifanya kazi uliyomwitia.