Ukimya wa Samehe

Jioni moja pale Kibiti, katika banda la video, niliitazama *Maangamizi*, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ya mwaka 2001. Amandina Lihamba ni Samehe, mgonjwa wa akili aliyenyamaza. Jirani yangu akanung'unika: "Mbona huyu mama kazi yake kutazama tu?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo ulipo ufundi wake. Filamu ina ndoto na mizimu mingi, na mahali pengine inachosha. Lakini uso wa Lihamba hauombi huruma, unadai kusikilizwa. Huyu ni mwongozaji wa michezo ya jukwaani, mwandishi wa *Hawala ya Fedha* (1980) na aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1996, yeye na Penina Mlama walianzisha Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari huigiza matatizo yao ili wapate kuyasema. Aliyewafundisha wengine kusema ndiye anayejua uzito wa kunyamaza.

Nami nilifundisha miaka mingi huku delta. Msichana akinyamaza darasani, nilimwita mkaidi. Usiku ule nilirudi nyumbani nikiyahesabu majina yao.